Shangazi amemfunga baba kanga kifuani

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nina miaka 36, nauza mitumba. Barua hii nimeiandika mara tatu nikafuta, kwa sababu kila nikifika pa shangazi naona kama namsengenya mtu aliyenilea. Leo naituma ilivyo.

Baba yangu ana miaka 63. Mwaka jana alianza kukwamwa na chakula. Kwanza nyama, akasingizia meno. Ukaja ugali, ukaja wali, mwisho ikawa uji mwepesi tu, nao anameza huku amefumba macho. Tukapewa rufaa ya Dar. Huko akaingizwa kamera kooni, kinyama kikakatwa kwenda kupimwa, jibu likaja: saratani ya umio. Akapigwa mionzi na kuwekewa dripu za dawa, akapumzishwa wiki kadhaa, kisha akapasuliwa. Daktari alituchorea kwenye karatasi. Umio wameutoa, mfuko wa chakula wameufanya mwembamba kama bomba wakauvuta juu hadi kifuani, wakauunga na kipande cha umio kilichobaki. Ana mishono miwili, mmoja juu ya kitovu, wa pili ubavu wa kulia, umeanzia nyuma chini ya bega ukazunguka mpaka karibu na titi.

Jumamosi hii anatimiza wiki saba. Nyumbani tuna wiki nne.

Baba ni muadhini wa msikiti wetu wa mtaani, zaidi ya miaka 20 sasa. Takbira mbili alikuwa anazitoa kwa pumzi moja na bado inabaki. Watoto wa mtaa walikuwa wanashindana kuzuia pumzi mpaka amalize. Juzi kajaribu taratibu, kakaa kitandani, neno likakatika katikati kama simu iliyoisha salio. Sauti yenyewe imekwaruza. Akageukia ukutani, hakusema kitu.

Usiku mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Siku moja alipokuwa amelala na fulana nyeupe, kanga zimefunguliwa ili zifuliwe, nikamwangalia kifua. Upande wa kushoto unapanda na kushuka. Wa kulia umetulia kama ukuta. Nikachukua simu nikahesabu pumzi kwa dakika nzima, zikafika 22. Tangu siku hiyo silali.

Sasa hizo kanga. Shangazi, dada yake mkubwa baba, alikuja kutoka Pangani siku ile ile tuliporudi. Enzi zake alikuwa mkunga, amefunga matumbo ya wazazi wengi mno, na mkono wake unasifiwa mpaka leo. Alipouona mshono akasema kifua kikipasuliwa ni kama tumbo la mzazi, kisipofungwa kitabaki wazi. Akamfunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, kutoka kwapani hadi kiunoni, akazikaza mpaka baba akawa anapumua kwa mabega. Anamlaza chali bila mto ili mifupa ikae sawa. Asikohoe, mshono utafumuka. Asitembee ila kwenda msalani. Jioni anamfukizia ubani chumbani. Wodini mtaalamu wa mazoezi alikuwa akimpa kile kidude cha plastiki chenye vipira vitatu, avute pumzi vipande juu. Tulikisahau Dar, na hatujakizungumzia tena.

Ninachouliza ni hiki. Ubavu wa kulia umekufa? Kanga nizifungue? Na nikizifungua, shangazi nitamwambia nini, mtu ambaye hata mimi alinipokea yeye nilipozaliwa? Baba naye ana yake mawili: anataka kurudi kusali akisujudu, na anataka kahawa yake barazani. Ramadhani nayo ikija, amesema atafunga.

Binti wa muadhini, Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na lisilosubiri. Wiki hii, kabla hujabishana na mtu kuhusu kanga, mpeleke baba hospitali ya Bombo asikilizwe kifua na apigwe picha ya eksirei. Upande wa kifua usiopanda una maelezo zaidi ya moja. Huenda misuli iliyokatwa bado inajikunja kwa maumivu. Huenda sehemu ya chini ya pafu imenywea haijafunguka. Au kuna maji yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, jambo ambalo baada ya upasuaji wa namna hii hutokea, na yakiwa mengi hutolewa kwa sindano. Kwa nje yote matatu yanafanana. Nimekuwa nesi wa wodi ya upasuaji miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua zenu, na hata nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda nisingethubutu kukuambia ni lipi kwa macho tu.

Watambana kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Ikisoma chini ya 92 naye amekaa tu hajafanya kazi yoyote, usikubali kurudi naye nyumbani kabla daktari hajamwona. Beba na karatasi za Dar zote. Kwenye kadi ya kliniki kuna namba, wapigie waliompasua uwaambie unachokiona. Hutakuwa unawasumbua.

Zile pumzi 22 ulizohesabu umefanya vizuri, hasa kwa kuhesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Kwa hiyo 22 si ya kukimbia nayo usiku, lakini si ya kunyamaziwa pia. Endelea kuhesabu, mara moja asubuhi na mara moja jioni, amekaa, na usimwambie kama unahesabu, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadilika. Andika kwenye daftari lako la mauzo, ukurasa wa nyuma. Daktari atalipenda daftari hilo kuliko maelezo yangu.

Sasa tuseme picha imerudi bila maji. Kwa mtu wa wiki saba, anayekula, anayeongea, asiye na homa, hilo ndilo ninalolitegemea zaidi. Basi nikueleze kilichompata baba yako kifuani, kwa sababu nahisi mlielezwa umio na mfuko wa chakula, pumzi mkaachiwa mjijulie.

Umio umejificha nyuma kabisa, mbele ya uti wa mgongo, katikati ya mapafu mawili. Ili kuufikia, daktari hulilaza pafu la kulia. Mashine inampumulisha mgonjwa kwa pafu la kushoto peke yake, la kulia linanywea kama puto, na linakaa hivyo kwa saa kadhaa. Mbavu mbili zinatanuliwa kwa chuma. Misuli iliyo kati ya mbavu inakatwa, na mishipa ya fahamu inayopita chini ya kila ubavu inabanwa na kile chuma, ndiyo maana mwulize baba atakuambia chini ya titi panakufa ganzi au panawaka moto, hata shati likigusa. Halafu kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ambao ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupumua mtu akiwa ametulia. Umio hupita kwenye tundu lake. Tundu hilo nalo linaguswa ili mfuko wa chakula upite kwenda juu. Ukihesabu, kila kinachokisogeza kifua kilijeruhiwa siku ile moja.

Juu ya hapo kuna maumivu. Pumzi kubwa inavuta mshono, mshono unauma, mwili unajifunza kuvuta pumzi ndogo. Pumzi ndogo haifiki chini ya mapafu. Huko chini vifuko vya hewa vinagandana kama mfuko wa rambo uliolowa, makohozi yanakaa, vijidudu vinapata makazi. Nimonia ni miongoni mwa mambo yanayoogopwa zaidi baada ya upasuaji wa umio, na mlango wake mara nyingi ni huo.

Kwa hiyo hapana, ubavu haujafa. Ila katika barua yako kuna sentensi iliyonishtua kuliko ile ya ukuta: umesema anapumua kwa mabega. Mtu anapumua kwa mabega na shingo pale mbavu zake zinapokataliwa kufunguka. Za baba zimekatazwa na upasuaji, halafu zikakatazwa na kanga mbili.

Shangazi hakubuni jambo la ajabu. Zamani hospitali zenyewe zilikuwa zikifunga bandeji ya kukaza mtu akivunjika mbavu. Zikaacha, kwa sababu waliofungwa walikuwa wakipata nimonia. Na mimi nina langu la kukiri. Nilipoanza kazi, hospitali siitaji, mgonjwa wa kifua tulikuwa tunamlaza chali tukamwambia, "Tulia baba, usijisumbue." Mmoja alikuwa mtiifu kweli kweli. Alitulia siku tatu. Siku ya nne homa, midomo imebadilika rangi, tukaanza kukimbizana na mitungi ya oksijeni. Alipona, lakini yule bwana alinifundisha kitu ambacho sikukipata chuoni.

Tumbo la mzazi ni nyama tupu, ukilifunga kwa kiasi linapata egemeo. Kifua ni kizimba cha mbavu 12 kila upande, na kazi ya kizimba hicho ni kutanuka kama mwavuli. Mbavu za baba daktari alizisogeza pamoja kwa nyuzi nene kutoka ndani. Ngozi kwa wiki saba imeshashikana. Hakuna kilichobaki wazi cha kufungwa. Kwa hiyo ndiyo, zifungue.

Lakini usizirudishe kabatini. Moja ina kazi.

Mkalishe baba kwenye kiti kisicho na mikono, miguu imekanyaga chini, mabega ameyaacha. Kanga ikunje ndefu, upana wa viganja viwili. Izungushe kutoka nyuma, ipite chini ya matiti, pale mbavu za chini zinapotanuka, ncha zipishane mbele. Anazishika mwenyewe ncha hizo, mkono wa kulia ncha ya kushoto, wa kushoto ncha ya kulia. Kanga imguse tu, isimbane. Sasa avute pumzi kwa pua, polepole, akiipeleka pale kanga ilipo, kama anaisukuma kwa mbavu, hasa ubavu wa kulia. Akifika juu ashikilie huku unahesabu moja, mbili, tatu. Aiachie kwa mdomo bila haraka, na wakati wa kuiachia avute ncha kidogo, kanga ifuate mbavu zinavyorudi ndani. Kisha ailegeze tena kabla ya pumzi inayofuata. Ngozi yake itamwambia kile ambacho macho yako yanakiona usiku: upande huu unasukuma, ule bado. Watu wa fiziotherapia, wale wataalamu wa mazoezi ya viungo, hutumia mkanda au taulo kwa zoezi hilo hilo. Sisi wa pwani tuna kanga.

Pumzi tatu au nne tu, apumzike kwa kupumua kawaida, kisha nyingine tatu. Akizifululiza kumi atasikia kizunguzungu, mtafikiri kazidiwa. Baada ya mizunguko miwili afungue mdomo, atoe hewa kwa nguvu kidogo, "haaa", kama mtu anayetaka kioo cha miwani kipate ukungu akifute. Hiyo inayasogeza makohozi juu bila kumtesa. Yakishafika kooni, akohoe.

Ndiyo, akohoe! Nimeona wagonjwa wengi wakikohoa juu ya mshono wa wiki saba, na uliofumuka kwa kikohozi sijauona. Amkumbatie mto mdogo, aubane ubavuni juu ya mshono kwa mkono, ainame mbele kidogo, akohoe mara moja au mbili kwa kishindo. Mto ndio unaobeba mshtuko. Mto huo ukae naye kila anapokaa. Hata akichekeshwa na wageni aukumbatie, maana kucheka nako kunauma, na wageni wa Tanga mnavyojijua.

Afanye hivyo mara tano au sita kwa siku, kabla ya kula, kamwe si baada ya kula. Kama bado anatumia dawa za maumivu, anywe nusu saa kabla. Wazee wetu wana tabia ya kusubiri maumivu yazidi ndipo wameze, wanaona ndiyo uanaume. Dawa aliyoandikiwa kwa saa aimeze kwa saa. Asiposikia maumivu atavuta pumzi kubwa, na pumzi kubwa ndiyo tunayoitafuta. Kuhusu kidude cha vipira vitatu, mkikipata kingine ni sawa, msipokipata msilie. Kanga na kuhesabu vinatosha.

Mkono wa kulia usisahaulike. Wengi baada ya mshono huu huubana mkono mwilini, bega linakakamaa, mwili unaelemea upande. Asimame uso ukutani, vidole vitambae ukutani kwenda juu kama jongoo, kila siku aweke alama ya penseli alipofika. Ndoo ya maji ya lita 20 asiiguse mpaka daktari wake aseme.

Kitanda sasa. Hapa shangazi na mimi hatukubaliani hata kidogo. Chini ya umio palikuwa na mlango unaozuia chakula kisipande. Mlango huo umeondoka pamoja na umio. Akilala chali bila mto, kilichomo kwenye mfuko wa chakula kinapanda kooni, na usiku kinaweza kuteremka kwenye mapafu, naye amelala hana habari. Tafuta matofali, miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuke kama sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito peke yake kunamkunja shingo na tumbo. Kitanda kilichoinuliwa ni cha maisha, hata akipona kabisa. Na chakula cha mwisho kiliwe muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala.

Ubani, mwambie shangazi, ufukizwe uani. Harufu itamfikia, moshi hautamfikia.

Chakula na pumzi sasa ni majirani wa nyumba moja, kwa sababu mfuko wa chakula unaishi kifuani. Akishiba, unalisukuma pafu. Ukiona anahema baada ya sahani, kumbuka hilo kabla hujaogopa. Dawa yake ni kula kidogo kidogo mara sita au zaidi kwa siku, akae wima, na vinywaji vipishane na chakula kwa nusu saa hivi. Vitu vitamu sana, chai ya sukari nyingi, tende tatu nne kwa mpigo, vinaweza kumtoa jasho na kumpiga moyo mbio dakika chache baadaye, kwa kuwa vinateremka kwenye utumbo kwa kasi.

Kwa hiyo Ramadhani unaiona. Kushinda na njaa kisha kufuturu kwa wingi ni kinyume cha kila kitu nilichoandika hapo juu. Mgonjwa ana ruhusa yake, na hilo shehe wake atamwambia vizuri kuliko mimi. Afadhali alisikie kwake, kwangu ataona ni maneno ya manesi.

Kusujudu hali kadhalika. Kichwa kikiwa chini ya kifua, chakula kinarudi. Kwa sasa asali kwenye kiti na kuashiria. Miezi ikipita anaweza kuijaribu sijda kwa tumbo tupu, Alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni, aone mwili unasemaje. Muadhini kusali kwenye kiti mbele ya watu wake si jambo jepesi, nalijua. Mwache alisemee kama anataka kulisemea.

Ile adhana iliyokatika inahusu mambo mawili tofauti. Pumzi itarudi, kwa wengi katika miezi mitatu hadi sita, na uchovu unaweza kuburura mpaka mwaka. Sauti ni jambo jingine. Mshipa wa fahamu wa sauti unapita jirani sana na umio, nao unaweza kuwa umeguswa, au koo limechubuliwa na mpira wa kupumulia. Umtajie daktari, aombe aangaliwe na mtaalamu wa koo. Umwangalie akinywa maji: akipaliwa kila mara, hilo liseme kwanza kabla ya yote, maana sauti iliyolegea hailindi mapafu vizuri na kikohozi chake hakina nguvu. Kama hapaliwi, mruhusu aadhini nyumbani kwa sauti ya kuongea, amekaa, takbira moja pumzi moja. Akizoea, mbili. Ni zoezi la pumzi kama mengine, na hili hutalazimika kumkumbusha.

Na atoke kitandani. Leo mpaka mlangoni na kurudi, mara nne. Kesho mpaka nguzo ya umeme ya kwanza. Kasi iwe ile ambayo anaweza kukuongelesha sentensi nzima bila kukata. Akishindwa kuimaliza, asimame, aegemee, avute pumzi. Baiskeli za mji wenu zimpishe, yeye hana haraka.

Ya hatari nayataja upesi: homa, kuhema kunakozidi siku hadi siku, pumzi zaidi ya 25 kwa dakika amekaa tu, makohozi ya kijani au ya damu, mshono kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, maumivu ya ghafla kifuani. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Chakula kikianza kukwama tena usikate tamaa wala usikae kimya. Mara nyingi ni pale palipoungwa pamekaza kwa kovu, na hupanuliwa kwa kamera bila kupasuliwa. Lakini wapaangalie wao, msikisie nyumbani.

Kahawa. Wahusika wa utafiti wa saratani katika Shirika la Afya Duniani walisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio, na kinachosemwa hapo ni ule moto, kahawa yenyewe haina kosa. Ukanda wote huu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kwenda chini hadi Afrika Kusini, una saratani hii kuliko sehemu nyingi za dunia, na sababu zake hazijahesabiwa zikaisha. Tumbaku na pombe zimo. Msimtafutie baba kosa kwenye kikombe. Aende barazani, kikombe kikae mpaka anaweza kunywa bila kupuliza wala kufyonza, bila kashata kwanza. Baraza lenyewe litamtoa ndani, na njia ya kwenda huko ina nguzo.

Nimebakiza shangazi.

Usimfungulie baba kanga yeye akiwa sokoni. Akirudi akazikuta kambani, hutapata neno la kumweleza. Siku ya kwenda Bombo mchukue naye. Muombe mtaalamu wa fiziotherapia aongee naye yeye, mkunga kwa mtaalamu, amwonyeshe kwa mkono wake jinsi ubavu wa kulia ulivyo mzito kufunguka. Ameshika matumbo maisha yake yote, kiganja chake kitaelewa kabla ya masikio. Baba bado ni dhaifu, kushika ncha mwenyewe na kupumua kwa pamoja kutamchosha siku za mwanzo. Anatakiwa mtu wa kusimama nyuma ya kiti na kumshikia, mwenye mkono unaojua kipimo cha kukaza na kulegeza. Wewe kipimo hicho huna, uliniambia mwenyewe unauza mitumba.

Mkirudi nyumbani, acha anywe chai yake kwanza. Kisha mweke baba kwenye kiti, umwambie: "Shangazi, mimi nitahesabu. Kanga shika wewe."